Serikali ya mpito: waanze kugawana wizara au waanze na jeshi?

Binti wa Mwaloni:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, na anayejibu ajibu kwa mifano ya kweli, maana siasa za kijiweni tunazo za kutosha hapa Kirumba.

Nauza dagaa kwa jumla Mwaloni. Mzigo wangu mwingi unakwenda nje ya nchi: Kongo, Burundi, na mwingine unapitia Uganda kwenda Sudan Kusini. Biashara nimeirithi kwa mama. Julai 2016 mapigano yalipolipuka tena Juba, mama alikuwa ametoa magunia kwa mali kauli kwa wateja wa kule. Wengi walikimbilia Uganda, baadhi hatukuwasikia tena. Hela ilishasahaulika. Kinachotuuma ni mama mmoja mtu mzima, kila akija Mwanza alikuwa analala kwetu, na hadi leo hatujui kama yuko hai.

Juzi tukiwa tunapakia nikabishana na mteja wangu mwingine wa Juba. Nikamwambia, ninyi si mna serikali ya umoja? Mkataba mlisaini Septemba 2018, serikali ikaundwa Februari 2020, Rais Salva Kiir na makamu wake watano. Akanijibu, "Dada, makamu watano tunao, lakini barabara ya kwenda kwetu siwezi kuipita."

Nikaenda kusoma. Ile serikali ilipewa miezi 36. Agosti 2022 wakakubaliana kuongeza miezi 24. Septemba 2024 wakaongeza mingine 24, uchaguzi ukasogezwa hadi Desemba 2026. Na Machi 2025 makamu wa kwanza, Riek Machar, aliyekuwa kiongozi wa waasi, akawekwa kizuizini nyumbani kwake.

Swali langu ni hili. Nchi inatoka vitani, ninyi mmeitwa mezani kuunda serikali ya mpito. Mnaanza na nini? Wenye bunduki waingie wote? Na kwa nini kuna nchi mpito ulifika kwenye kura, na nyingine mpito umekuwa ndiyo serikali yenyewe?

Naomba kuwasilisha.

Dereva wa Rusumo:

Dada, pole kwa huyo mama. Mungu awakutanishe.

Mimi naendesha lori, napita Rusumo hadi Goma, kwa hiyo nitasema ya Kongo. Jibu langu fupi: wenye bunduki waingie, wote, hata wale usiowapenda. Wakongo walisaini Pretoria Desemba 2002, katikati ya 2003 serikali ikaanza kazi. Kule wanaiita moja jumlisha nne. Rais Joseph Kabila, chini yake makamu wanne. Jean-Pierre Bemba wa kundi la waasi la MLC alisimamia uchumi na fedha. Azarias Ruberwa wa RCD, waasi wengine, siasa, ulinzi na usalama. Yerodia Ndombasi wa upande wa Kabila ujenzi wa nchi, na Z'ahidi Ngoma wa upinzani usio na silaha mambo ya jamii. Watu waliikebehi sana, lakini Julai 2006 Wakongo walipanga foleni wakapiga kura ya vyama vingi, kitu ambacho watu wazima wengi walikuwa hawajawahi kukifanya maishani mwao.

Ukimwacha mmoja nje, huyo ndiye atakayechoma nyumba mkiwa ndani mmelala.

Mzee wa Nyegezi:

Binti, huenda ulikuwa hujazaliwa, lakini mazungumzo ya Burundi yalipita hapa hapa Mwanza kabla ya Arusha. Aprili 1996, na tena Juni mwaka huo, Mwalimu Nyerere aliwakutanisha FRODEBU na UPRONA, vyama viwili vikubwa vya Burundi, katika mji huu. Rais wao wa kwanza aliyechaguliwa, Melchior Ndadaye, alikuwa ameuawa Oktoba 1993 na nchi ilikuwa inaungua. Mazungumzo ya Mwanza hayakuzaa kitu. Walioketi walikuwa vyama vyenye wabunge, wakati vita vilikuwa vinapigwa na watu ambao hawakuwa chumbani. Julai 25 Pierre Buyoya akatwaa madaraka kwa jeshi. Kwa hiyo hapo nakubaliana na Dereva: meza isiyo na wapiganaji haisimamishi vita.

Ila hakumaliza hadithi ya Kinshasa. Bemba aliingia serikalini akabaki na walinzi wake, Kabila akabaki na wake. Agosti 2006 matokeo ya raundi ya kwanza yalipotangazwa, walinzi hao walipigana katikati ya mji mkuu. Machi 2007 wakapigana tena, watu wengi wakafa, Bemba akaondoka nchini. Waliingia wote, ni kweli, lakini kila mmoja aliingia na bunduki zake.

Mimi nilikuwa mtunza stoo ya chakula kambi ya Lukole, kule Ngara, miaka ile ya wakimbizi wa Burundi. Jioni tunakaa na redio, mara Radio Kwizera, mara idhaa nyingine. Majina ya mawaziri yakisomwa wakimbizi wanasikiliza kimya, mama anaendelea kupepeta mahindi yake. Lakini akifika mtu aliyevuka mpaka jana usiku wanamzunguka, na swali ni moja: kule komini kwetu (komini ni eneo dogo la utawala, kama tarafa), kwenye kizuizi cha barabarani, wamesimama askari gani? Ni wale wale? Nililisikia kwa wazee, kwa vijana, kwa mjane aliyekuwa na shamba la kahawa Ngozi. Hakuna aliyeniuliza nani kapewa Wizara ya Mambo ya Nje. Mtu alikuwa anapima serikali ya mpito kwa yule kijana mwenye bunduki atakayemkuta njiani akirudi na watoto.

Sasa tazama walivyofanya, maana kuna ya kujifunza humo, na kuna ya kuogopa.

Mwalimu alifariki Oktoba 14, 1999 kazi ikiwa haijaisha, Nelson Mandela akaipokea. Agosti 28, 2000 mkataba ukasainiwa Arusha, na ulikuwa na pengo la kutisha: hakukuwa na makubaliano ya nani aongoze mpito. Iliwachukua karibu mwaka mzima kumaliza hilo, hadi Julai 2001. Wakakata miezi 36 vipande viwili. Buyoya, Mtutsi, rais kwa miezi 18, makamu wake Domitien Ndayizeye, Mhutu. Kisha wanapishana. Serikali ikaapishwa Novemba 1, 2001.

Tulikuwa hatuamini. Mwanajeshi aliyepindua nchi mara mbili, 1987 na 1996, atamwachia nani kiti kwa sababu ya karatasi? Lakini Aprili 30, 2003 alimwachia Ndayizeye. Siku ile kambini niliona watu wazima wanalia. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku mpito wa Burundi ulipopata nguvu, kwa sababu kulikuwa na tarehe moja, katikati ya safari, ambayo kila mwananchi aliijua na angeweza kuona imetimizwa au imevunjwa. Sudan Kusini wamepewa tarehe moja tu, ile ya mwisho, na hiyo kila ikikaribia inasogezwa.

La pili ni ulinzi wa waliorudi. Wanasiasa waliokuwa uhamishoni wasingekanyaga Bujumbura wakilindwa na jeshi walilolikimbia. Afrika Kusini ikapeleka askari wake mapema kabisa, Oktoba 2001, wakiwa takriban 700, kulinda viongozi hao. Waziri anayeogopa dereva wake hawezi kutawala.

La tatu ni jeshi, na hapa ndipo nataka usome polepole. Serikali ile ya 2001 ilizaliwa bila wapiganaji wakubwa ndani yake, CNDD-FDD na FNL. Vita viliendelea miaka miwili serikali ikiwa ofisini. Kilichobadilisha mambo ni makubaliano ya Pretoria ya Oktoba 2003 kati ya Ndayizeye na Pierre Nkurunziza, yakakamilishwa Dar es Salaam Novemba 16. CNDD-FDD walipewa wizara nne, sawa. Lakini walipewa pia asilimia 40 ya nafasi za maofisa katika jeshi, magavana watatu wa mikoa na wasimamizi 30 wa komini. Hizo komini 30 zilikuwa na uzito kuliko wizara nne. Mtu wa Lukole alipoambiwa kwenye jeshi hakuna kabila litakalozidi nusu, na kwamba waliokuwa msituni watavaa sare moja na waliokuwa kambini mwa jeshi, ndipo alipoanza kuuliza bei ya mbegu na lini lori la kurudi nyumbani linaondoka.

FNL hawakusaini kusitisha vita hadi Septemba 2006, na damu iliyomwagika kwa sababu hiyo siwezi kuisahau. Agosti 2004 pale Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo, wakimbizi Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, zaidi ya 150 waliuawa usiku mmoja, na FNL wakajitangaza kuhusika. Kwa hiyo nisieleweke vibaya, mpito wa Burundi haukuwa safi. Hata muda waliongeza: ile miezi 36 ilipaswa kuisha mwishoni mwa 2004, ikafika Agosti 2005. Lakini ilifika.

Jibu langu, mwanangu: anza na nani atavaa sare, atalala kambi gani na nani atamwamuru. Wizara zije baada ya hapo. Na wenzetu wa Juba mkataba wao ulisema hivyo hivyo, askari 83,000 wa pamoja wafunzwe kabla serikali haijaundwa. Serikali ikaundwa Februari 2020 bila wao. Kundi la kwanza limehitimu Agosti 2022. Mteja wako anaposema barabara haipitiki, sehemu kubwa ya sababu iko hapo.

Mwana wa Kyaka:

Shikamoo mzee. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Nataka kuongeza la Rwanda, kwa sababu mimi nimekulia Kyaka, kando ya mto Kagera.

Rwanda walikuwa na serikali ya mpito iliyopangwa vizuri pengine kuliko zote mlizotaja. Mkataba ulisainiwa Arusha Agosti 4, 1993. Mawaziri 21: MRND ya Rais Habyarimana watano, waasi wa RPF watano, kisha vyama vya upinzani: MDR wanne akiwemo waziri mkuu, PSD watatu, PL watatu, PDC mmoja. Jeshi nalo walilipangia, mzee: askari asilimia 60 wa serikali na 40 wa RPF, maofisa nusu kwa nusu. Waziri mkuu alishatajwa kwa jina, Faustin Twagiramungu. Taasisi zilitakiwa ziwe zimeanza kazi ndani ya siku 37.

Hazikuanza. Januari 5, 1994 aliapishwa rais peke yake. Vyama vilikuwa vimegawanyika, kila kimoja kina mabawa mawili yanayogombania nani awe waziri na nani awe mbunge, na wapo waliokuwa wanaukuza mgogoro huo kwa makusudi. Sherehe za kuapisha serikali zikapangwa na kuahirishwa, zikapangwa na kuahirishwa. Wakati huo askari wa RPF 600 wako Kigali ndani ya jengo la bunge, wakisubiri serikali. Na nje vijana wa Interahamwe, wanamgambo wa MRND, wanafundishwa kuua. Aprili 6 ndege ya Habyarimana ikatunguliwa akirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam.

Yaliyofuata sisi tuliyaona mtoni. Watoto tulikatazwa kusogea. Miili ilikuwa inapita kuelekea ziwani, siku baada ya siku, na watu wa pembeni mwa ziwa, huku Kagera na upande wa Uganda, waliacha kula samaki. Bibi yangu aliwaombea hao watu kwa wingi wao kwa sababu hakujua jina hata la mmoja.

Kwa hiyo mzee, mimi ningeuliza swali la tatu, mbali na wizara na jeshi: kati ya siku ya kusaini na siku ya kuapishwa, nani anatawala? Wale wasiotaka mkataba wanaupata muda huo wote wajipange. Burundi walikaa miezi 14 wakapona. Rwanda walikaa miezi minane hawakupona. Mimi ningekataa mkataba usainiwe kama siku ya kiapo haijakubaliwa na majina hayajafungwa.

Malimbe Sheria:

Nawasalimu wote. Nasoma sheria hapa Malimbe, na kwa heshima zote naomba kupingana na mzee.

Burundi inatolewa mfano kana kwamba ilifika salama. Aprili 2015 Nkurunziza alitangaza kugombea muhula wa tatu, watu wakaandamana, wakapigwa risasi, Mei kukawa na jaribio la mapinduzi, na watu wakaanza tena kuvuka kuja kwetu. Walirundikana Kagunga pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikaingia, kisha wakapelekwa Nyarugusu. Kambi zilizokuwa zimefungwa, Nduta na Mtendeli, zikafunguliwa upya. Sasa huo mpito ulifaulu nini?

Halafu haki. Mkataba wa Arusha uliahidi tume ya ukweli na maridhiano. Sheria ya tume hiyo imepitishwa 2014, miaka kumi na minne baadaye. Wauaji walipewa kinga ya muda, na muda ukawa mrefu. Mnasema tuanze na jeshi. Jeshi hilo si ndilo lenye wale wanaotakiwa kujibu?

Mzee wa Nyegezi:

Marahaba Mwana wa Kyaka. Hoja yako ya siku ya kiapo naichukua nzima, ningeiweka ukurasa wa kwanza wa mkataba.

Malimbe, umesema kweli na imeniuma, kwa sababu baadhi ya waliokuja 2015 walikuwa watoto waliozaliwa Lukole. Lakini angalia mlango ulioingiza ule mgogoro, kwa kuwa wewe ni mwanasheria. Arusha ilisema rais asizidi vipindi viwili. Katiba iliyopigiwa kura Februari 28, 2005 ikasema rais anachaguliwa na wananchi wote, na kipindi kinarudiwa mara moja. Ila ikaweka kifungu cha pembeni: rais wa kwanza baada ya mpito achaguliwe na bunge, kwa sababu waliogopa kampeni ya urais wakati jeshi bado changa. Ndivyo Nkurunziza alivyochaguliwa Agosti 2005. Miaka kumi baadaye wakadai kipindi kile hakihesabiki, hakuchaguliwa na wananchi. Mahakama ya katiba Mei 2015 ikawakubalia. Sentensi iliyoandikwa ili kuvuka mwaka mmoja mgumu ilikuja kuvunja mkataba wote. Ningekuwa kijana kama wewe ningekaa hapo: kila kifungu cha muda kiandikwe kinakufa lini na hakiwezi kutumika kwa lipi.

Kuhusu haki, sina la kuitetea. Wakimbizi walitaka majina ya waliowaua ndugu zao, wakapewa ahadi. Nilichokiona ni kwamba waliochelewesha tume walikuwa wa pande zote mbili, kila upande una mtu wa kumficha. Ndiyo maana kazi hiyo isiachwe mikononi mwa serikali ya mpito yenyewe. Tume iundwe na watu wasio na cheo ndani yake, na tarehe yake isimamiwe na wale waliosimamia mkataba.

Binti wa Mwaloni:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Mwana wa Kyaka, nimekaa kimya muda mrefu baada ya kusoma ya bibi yako.

Nina maswali mawili. Mezani kule wanawake walikuwepo? Maana hapa Mwaloni wanaoanika, wanaofunga na wanaouza ni sisi, lakini kikao cha soko kikiitwa tunaambiwa tutaletewa taarifa. La pili, hao askari wa pande mbili wakishavaa sare moja, wanalipwa na nani?

Mzee wa Nyegezi:

Wanawake wa Burundi walipigania hata kuingia tu ukumbini. Mwanzo walikubaliwa kama wasikilizaji. Julai 2000, wiki chache kabla ya kusaini, wakafanya mkutano wao Arusha wa vyama vyote wakatoa madai: kumiliki na kurithi ardhi, ubakaji uadhibiwe, thelathini kwa mia ya nafasi. Mengi yaliingia kwenye mkataba. Hiyo thelathini kwa mia haikuingia Arusha, wakaendelea kuidai, ikaja kupatikana kwenye katiba ya 2005. Urithi wa ardhi walikuwa bado wanausubiri. Sudan Kusini mkataba wa 2018 umeandika 35 kwa mia, na mara nyingi uteuzi umekuwa haufikii ahadi hiyo. La mishahara namwachia Dereva, anakutana nao barabarani.

Dereva wa Rusumo:

Nakutana nao, ndiyo. Mzee, umenifundisha, nitarudi kuisoma hiyo ya komini.

Dada, Kongo baada ya 2003 waliwachanganya askari wa makundi yote kwenye vikosi vipya. Tatizo likawa hela. Mshahara ulikuwa unashuka kutoka kwa kamanda mkubwa kwenda mdogo, na kila mkono unachukua chake, askari wa chini anabaki na kidogo au hana kabisa. Halafu makamanda walikuwa wanapeleka majina hewa ili wapate fungu kubwa. Askari asiye na mshahara anakula kwenye kizuizi cha barabara, yaani anakula kwangu na kwako. Juni 2005 Umoja wa Ulaya ukaleta ujumbe wa kusaidia jeshi, na kazi yao kubwa ilikuwa hiyo: anayetoa amri asiwe ndiye anayeshika pesa. Wakahesabu askari mmoja mmoja kwa alama za vidole, wakawapa vitambulisho, na idadi ikashuka sana ukilinganisha na ile makamanda waliyokuwa wanadai. Vizuizi havijaisha, tusidanganyane, mashariki kule hali mnaijua. Lakini palipolipwa mtu mkononi niliona tofauti kwa macho yangu, askari anakusimamisha, anaangalia karatasi, anakuruhusu.

Kwa hiyo mteja wako wa Juba akija tena, muulize hivi: wale waliohitimu Agosti 2022, waliokuwa wa Kiir na waliokuwa wa Machar, mshahara wao unatoka dirisha moja? Unafika kila mwezi? Akikujibu, tafadhali liandike hapa.